Walimu wa Vijiji vya Ukaguru na Miaka ya Minyororo

Tulipokuwa tukisoma historia hapa shuleni, habari za kuenea kwa Ukristo zilitufikia kwa majina machache ya Wazungu: Krapf, Rebmann, Livingstone, Mackay. Tuliyakariri, tukayaandika katika mtihani, tukafaulu. Lakini mtu akitoka Kilosa mjini leo akapanda milima ya Ukaguru, akapita Mamboya na Berega, akaona makanisa hata katika vijiji ambavyo wakati wa masika gari haliingii, lazima ajiulize ni Wazungu wangapi hao walioweza kufika kote huko. Ukweli ni kwamba hawakufika. Aliyefika ni mwalimu wa kijiji, Mwafrika, na ndiye aliyeadhibiwa kwa ajili hiyo kati ya 1914 na 1916.

Kwanza asili yake. Chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilifika Mpwapwa mwaka 1876 kikiwa njiani kwenda Uganda. Mwaka uliofuata Mackay alifyeka njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 J. T. Last alikuwa amekwisha jenga Mamboya, na mwaka 1886 kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kilipigwa chapa London. Baadaye zikafuata Berega, Itumba na Nyangala. Kwa upande wa Wakatoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotokea Bagamoyo walifungua misheni Ilonga mwaka 1885, pale pale ambapo wengi wetu tunapajua kwa chuo cha ualimu na utafiti wa mbegu. Mapadre hao walizoea kuwakusanya watumwa waliokombolewa na kuwajengea kijiji chao cha Kikristo. CMS walifuata njia nyingine: kijana akishajua kusoma na kuandika, alipelekwa kijiji cha mbali akafundishe wenzake.

Mwaka 1889 watu wa Abushiri walilivamia boma la Wadachi la Mpwapwa, na misheni ikachomwa moto. Wapo wanaolihesabu jambo hili kuwa mateso ya dini. Mimi sikubali. Abushiri alikuwa akipigana na wageni walionyakua nchi, na misheni iliungua kwa sababu ilikuwa ya Wazungu na ilikuwa jirani na boma la Wazungu. Tusichanganye mambo hayo mawili.

Mateso ya kila siku ya mwalimu yalikuwa madogo madogo, tena ya nyumbani. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Kijana aliyekataa kushiriki tambiko la ukoo alikuwa akiwakosea wale wale waliotazamiwa kumsaidia mahari. Mvua ikikosekana, wa kulaumiwa hakuwa mbali. Na kama wamisionari waliwakataza waumini wao pombe na ngoma, mwalimu ndiye aliyebaki kijijini kuisimamia amri hiyo mbele ya wazee wake mwenyewe, katika kibanda chake cha miti na nyasi, ubao mmoja na vitabu vichache. (Kama amri zote hizo zilikuwa za lazima ni mjadala mwingine, na najua si wote tutakubaliana.)

Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani. Hapo wamisionari wa CMS wakawa raia wa nchi adui ndani ya koloni la Wadachi. Walikamatwa, na wengi wakawekwa Kiboriani, mlimani karibu na Mpwapwa, kisha wakapelekwa Tabora. Kufungwa kwao ni taabu ya kweli, ila kwa mfungwa Mzungu sheria za vita zilikuwapo, hata kama zilivunjwa. Mwalimu wa Kiafrika hakuwa na sheria ya kumkinga. Alishtakiwa kuwa mpelelezi wa Waingereza, kwamba alikuwa akipeleka ishara kutoka vilele vya milima. Walimu walitiwa minyororo, wakachapwa viboko ili wakiri jambo ambalo hawakulitenda, wakatembezwa kwa miguu mpaka Tabora. Wengine walitwishwa mizigo ya jeshi, na wapo ambao hawakurudi. Walimu wa misheni ya UMCA kutoka Bonde nao walikumbwa na masaibu hayo hayo.

Mtazame huyo mtesaji. Hakuwa mganga, hakuwa mtemi, wala hakuwa Mwislamu wa pwani. Alikuwa ofisa wa serikali ya Kikristo, yenye makanisa na wamisionari wake katika koloni hili hili, akimtesa Mkristo kwa kuwa Ukristo wake ulikuja kwa lugha ya Kiingereza. Nimetumikia serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, na nakiri kwamba hapo ndipo ninapoielewa zaidi habari hii: serikali iliyojawa na hofu haiulizi mtu anaamini nini, inauliza ni wa nani. Na jibu la kwamba mwalimu hakuwa wa Mwingereza wala wa Mdachi halikuwa na nafasi katika faili lolote.

Majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, na Wabelgiji wakaiteka Tabora tarehe 19 Septemba. Wafungwa wakafunguliwa. Walirudi katika nchi yenye njaa. Ile njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya ilikuwa karibu, na baada yake homa ya mafua ya 1918. Hata hivyo wamisionari waliporejea hawakukuta uwanja mtupu. Kwa muda wote huo watu walikuwa wamesali na kufundishana wenyewe, bila Mzungu.

Mwaka 1921 Andrea Mwaka na Haruni Mbega walipewa ushemasi, Waafrika wa kwanza katika eneo la CMS nchini. Ungedhani mlango umefunguka. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927, askofu alikuwa Mwaustralia. Tulingoja hadi 1955 ndipo Yohana Omari, aliyezaliwa katika Uislamu, akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, na hadi 1965 ndipo Gresford Chitemo akawa askofu wa kwanza wa Morogoro. Miaka thelathini na minne kutoka ushemasi hadi uaskofu ni mingi mno kwa kanisa lililokwisha kujiendesha lenyewe katikati ya vita.

Wenzetu wa Mikumi watasema historia yao si hii, nao wana haki. Kule watu wengi walikuja na barabara ya Iringa, na reli iliyotoka Kilosa ikafika Mikumi mwaka 1960, na mashamba ya miwa ya Kidatu; wakaja na dini zao mizigoni.

Sasa ombi. Tangu 2012 sehemu ya Ukaguru imo katika Wilaya ya Gairo, na kumbukumbu za familia zimetawanyika vivyo hivyo. Mwenye babu au babu mzaa babu aliyekuwa mwalimu wa kijiji kabla ya 1914, aandike jina lake, kijiji alichofundisha, na kama alipelekwa Tabora. Mwenye daftari la zamani alitoe sandukuni kabla mchwa hawajalimaliza. Wanafunzi mlioko shuleni sasa, waulizeni bibi zenu wakati wa likizo. Majina yapelekwe kwa mhariri.