Mikutano ya waandishi wa programu: kanuni inamlinda nani?

Leo tuzungumze juu ya vijana wetu wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Kazi hii hujifunzwa kwa kukutana. Mmoja analeta kompyuta, mwingine analeta mega za intaneti, wa tatu anaeleza alichokwama nacho jana. Mzazi anayemruhusu binti au kijana wake kwenda huko ana haki ya kuuliza: watu wanatendeana namna gani? Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu yake moja iko hapa kwetu.

Tuanze na neno baraza. Pwani ya Afrika Mashariki, baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba, mahali pa kuzungumza na wageni. Huku Congo tunasema barza, na ni veranda ya nyumba. Kiswahili kilifika huku pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Mwaka 1887 mmoja wao, Tippu Tip, aliwekwa kuwa wali wa Stanley Falls, palepale ulipo mji wetu wa Kisangani. Barazani kanuni zilijulikana bila kuandikwa: salamu kwanza, mkubwa asikatizwe, mgeni apewe nafasi. Lakini nani aliketi pale? Waliketi mwenye nyumba na rafiki zake. Mateka aliyebeba pembe za ndovu hakuwa na nafasi juu ya benchi lile.

Tusidharau desturi za wazee. Ila tuone shida yake: kanuni isiyoandikwa inajulikana na aliyelelewa ndani yake. Mgeni anaijua siku anapokaripiwa. Na mwenye nyumba akikosa, hakuna wa kumwambia.

Waandishi wa programu walipita njia hiyohiyo. Kwa miaka mingi, Ulaya na Marekani, wengi wao walisema hawahitaji kanuni: kazi nzuri ya mtu inatosha kumpa heshima. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa. Sisi tunasema utu, na kwa Lingala ni bomoto. Kundi hilo lilikuwa kati ya makundi ya kwanza ya kazi hii kuandika kanuni za mwenendo: mfikirie mwenzako, mheshimu hata mnapopishana, usipojua uliza.

Maneno mazuri peke yake hayakutosha. Kwenye mikutano mikubwa wanawake walikuwa wanashikwa miili na kutukanwa, na waliolalamika waliambiwa ni mzaha. Mwaka 2011 Valerie Aurora na Mary Gardiner walianzisha shirika la Ada Initiative. Walisaidia kueneza kanuni zinazotaja makosa kwa majina yake: kumgusa mtu bila ruhusa, kumfuatafuata, kumpiga picha bila idhini, kumdharau kwa asili yake, dini yake au ulemavu wake. Mwaka 2012 taasisi inayosimamia lugha ya kompyuta ya Python iliamua kutotoa fedha kwa mkutano usiokuwa na kanuni za mwenendo. Tangu hapo waandaaji waliotaka msaada huo ilibidi waandike.

Halafu likaja somo lingine. Machi 2013, kwenye mkutano wa Python huko California, mwanamke mmoja alisikia wanaume nyuma yake wakifanya mizaha ya aibu. Alituma picha yao kwenye mtandao. Waandaaji walishughulikia jambo lile siku hiyohiyo, lakini watu wa mtandaoni hawakukubali liishe. Mwanaume mmoja alifukuzwa kazi, na siku chache baadaye mwanamke yule pia akafukuzwa, baada ya matusi na vitisho vingi. Baada ya hapo waandaaji wengi walitilia mkazo njia ya kupeleka lalamiko: liende kwa watu waliotajwa mapema, wenye kusikiliza na kutunza siri, na lisiachiwe umati kuamua.

Sisi wa Kisangani tunajua umati ukiamua inakuwaje. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, huko Lubunga, umeua watu, umechoma nyumba, na familia nyingi zimevuka mto kuja upande wa kulia. Watoto wa familia hizo wana akili kama wengine, na wengine wao watataka kujifunza kazi hii. Siku ya kwanza kijana huyo akiulizwa mbele ya wote "wewe ni kabila gani?", hatarudi. Aliyeuliza huenda akadhani ni mazungumzo tu.

Kwa hiyo kundi lolote la hapa litakaloandika kanuni lisinakili tu za Ulaya. Liseme wazi: hakuna kumuuliza mtu kabila wala sababu ya kukimbia. Picha isipigwe bila ruhusa, maana kuna wanaojificha. Mafundisho yasiwe ya Kifaransa pekee. Anayehitaji Lingala au Kiswahili aelezwe bila kuchekwa. Wawepo watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke, na majina yao yasomwe kila mkutano unapofunguliwa. Adhabu nazo zijulikane: kuonywa, kutolewa siku ile, kutokubaliwa tena. Na zimfikie hata mwenye chumba au mwenye kompyuta, kwa sababu yeye ndiye anayeogopwa.

Mama, baba, kabla hujamruhusu mtoto kwenda, uliza mambo mawili. Akikosewa, amwambie nani? Na huyo aliyeambiwa, atafanya nini? Kundi lililojiandaa litakujibu mara moja. Likianza kusema "sisi wote hapa ni ndugu", mwambie mtoto asubiri kwanza, nawe uwaombe waandike.