Mwalimu Analala Wapi? Historia Fupi ya Shule Zetu za Upare

Kabla hamjafika kwenye fomu ya ahadi iliyomo katika kijitabu hiki, tumeona vema tukumbushane shule zetu zimefikaje hapa zilipo, na hasa nani amekuwa akifundisha ndani yake. Habari za majengo tunazijua. Wengi wetu tumebeba mawe yake kichwani.

Shule za kwanza milimani kwetu zililetwa na misheni. Walutheri walishika Upare Kaskazini, na Waadventista wakafika Mamba, Upare Kusini, mwaka 1903. Mara nyingi shule ilikuwa kibanda cha miti na udongo, na mwalimu ni kijana wa palepale aliyetangulia wenzake kujua kusoma. Baadaye baadhi yao walikwenda kusomea ualimu Marangu na kwingineko, kisha wakarudi. Malipo yalikuwa madogo, lakini mwalimu alikuwa na migomba yake, mahindi yake na ndugu zake. Jioni alirudi kwake. Hapakuwa na haja ya kuuliza mwalimu analala wapi.

Wazee wetu hawakungoja kila kitu kutoka juu. Kuna msaragambo, ambao hauhitaji kuelezwa kwa Mpare yeyote: mifereji, njia na madarasa vilitoka humo. Watu walewale walioteremka Same kwa maelfu Januari 1945 kupinga kodi ya mbiru ndio waliosomesha watoto kwa kahawa na maharage.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Azimio la Musoma la Novemba 1974. TANU ilitaka kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa msingi milioni 1 na ushee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa miaka mitatu. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini. Walikuwa wakifundisha watoto sehemu ya siku, na sehemu nyingine wakisoma wao wenyewe kwa mwalimu msimamizi, kwa masomo ya posta na kwa redio. Mwishoni walipelekwa chuoni kwa majuma machache.

Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, na jina hilo lilitamkwa kwa dharau. Sisi tunaona dharau hiyo haikuwa ya haki. Ni kweli wengi hawakuwa na elimu ya kutosha, na mtoto wa darasa la saba alipouliza swali gumu la hesabu, mwalimu naye aliona jasho. Lakini walikuwepo. Mvua ya masika ilipokata barabara, wao walikuwa upande huu wa mlima pamoja na watoto. Walikaa miaka thelathini na zaidi, wakafundisha mtu, mtoto wake, na wengine hata mjukuu. Waliweza kukaa kwa sababu walikuwa wa hapahapa: walianza kazi wakilala kwa mama zao, na baadaye wakajenga kwao.

Miaka ya 1980 iliwaumiza. Baada ya vita vya Kagera na hali mbaya ya uchumi, mshahara wa mwalimu ulibaki jina tu. Ilimlazimu kuteremka mjini kuufuata, na safari hiyo ingeweza kula siku mbili tatu za masomo. Ada na michango vilirudi, na watoto wengine wakaacha shule. Mwalimu alilima tangawizi au maharage, mkewe akakaanga maandazi ya kuuza shuleni. Waliolalamika kwamba walimu wanafanya biashara hawakusema wale nini.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, ukaja mpango wa MMEM. Wanafunzi wa msingi nchini, waliokuwa milioni 4 na ushee mwaka 2000, walifika milioni 7 mwaka 2004. Watoto hao walihitaji sekondari, na hapo zikaja shule za kata. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari kama 1,300. Mwaka 2009 zilikuwa zaidi ya 4,000. Mgawanyo wa kazi ulieleweka: wananchi wasombe mawe na mchanga na wainue kuta, serikali ilete walimu. Upande wetu ulitekelezwa. Kuta zilisimama kila kata, nyingine kabla ya kupatikana hata mwalimu mmoja wa fizikia. Pengo likazibwa kwa vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya majuma machache, ambao watu wakawaita "vodafasta". Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha takriban asilimia 60 ya watahiniwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Pinda aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Kwetu milimani walimu wa sayansi hawakuongezeka kwa kupangwa upya huko.

Mwalimu wa sekondari ya kata ni mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu ana shahada au stashahada, ametoka Mara, Mbeya au Kigoma, na anashuka stendi ya Same na begi moja na barua ya ajira. Hana migomba huku wala shangazi. Anatafuta chumba cha kupanga, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa kuwa kwetu mtu hujenga nyumba ya kuishi, si ya kupangisha. Anayepata chumba hukaa sebule moja na familia ya mwanafunzi wake. Asiyepata hupanga chini tambarare na kupanda kwa bodaboda kila asubuhi, nauli ikila mshahara. Masika yakianza, vipindi vya kwanza havina mtu. Mwalimu wa kike mwenye mtoto mchanga hata hivyo hawezi. Wengi huanza kuomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Hatuwalaumu. Wana wetu walioajiriwa Kigoma nao wanaandika barua hizohizo.

Mwaka 2016 elimu ilianza kutolewa bila ada mpaka kidato cha nne, na michango ya lazima ikakatazwa. Ni nafuu kubwa kwa mzazi maskini, lakini fedha iliyokuwa ikimlipa mwalimu wa kujitolea nayo ilikatika. Lililobaki mikononi mwetu ni mchango wa hiari kama huu.

Kwa hiyo fedha za harambee ya mwaka huu hazitajenga darasa. Zitajenga nyumba za walimu, kila moja ya familia mbili, yenye choo ndani, tangi la maji ya mvua na umeme, karibu na shule kiasi cha mwalimu kwenda kwa miguu. Mawe, mchanga na kuchimba msingi ni kazi ya msaragambo, utakaoanza masika yakiisha na barabara ikikauka. Saruji, nondo, mbao, bati na ufundi ndivyo vinavyohitaji fedha taslimu, na hivyo ndivyo tunavyowaomba ninyi mlio mbali.