Mizani Zinazopimwa kwa Sikio

Julai 7, 1954, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 mtunzi huyo akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam.

Malenga walizijua sheria hizo tangu zamani, na wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mjini humu mwaka 1923, walizizoea. Amri aliziweka kwenye maandishi: mshororo wa mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ubeti wa mishororo minne.

Tuhesabu. "Kariakoo, Ilala": Ka-ri-a-ko-o, I-la-la. Nane kamili, kipande kimetimia. "Mnazi Mmoja" ni sita, maana M isiyo na irabu nayo ni mizani. Anayehesabu kwa macho huiruka. Anayeimba haiachi, kwa kuwa sauti yake lazima itue hapo.

Amri alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Wapo wanaouona msimamo huo mkali mno. Kwangu ndio moyo wa kitabu. Chukua kibwagizo: darasani hutajwa kwa haraka kuwa mshororo unaorudiwa, kisha tunasonga mbele. Kinaonewa! Msikilizaji hana karatasi mkononi. Kibwagizo kinamwezesha kuitikia, na kila kinaporudi kinabeba uzito mpya wa ubeti uliokwisha kuimbwa. Mchambuzi aulize: mara ya kwanza kilisema nini, na mara ya mwisho kinasema nini?

Nguvu hiyo ya shairi linaloimbwa ilitumika hadharani. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio la Arusha. Mshairi Mathias Mnyampala akaitikia kwa ngonjera, watu wakijibizana kwa beti, na shule zikazikariri. Vina vilisaidia kumbukumbu.

Kisha Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, bila kufungwa na vina wala mizani, na ubishi ukawaka kama hayo ni mashairi. Wahakiki Mulokozi na Kahigi waliuendeleza mwaka 1979 katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Lakini takriri, yaani marudio, haikufukuzwa na mashairi huru. Vina vilipoondoka, neno linalorudi na sentensi inayojirudia umbo ndivyo vilivyoshika mapigo, na huko ndiko mchambuzi wa mashairi hayo anakopaswa kuanzia.