Kutoka Kipande hadi Cheti cha Utumishi: Historia ya Ujuzi wa Kusimamia Wafanyakazi katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi ujuzi wa kusimamia wafanyakazi ulivyokua, ukavunjika na kuanza upya katika eneo la Busia na Tororo tangu mpaka wa Kenya na Uganda uwekwe. Hoja kuu ni kwamba ujuzi huo ulistawi pale mafunzo na kumbukumbu za utumishi vilipotambuliwa pande zote mbili, na ulidhoofika vilipofungiwa ndani ya nchi moja. Makala yanapendekeza kwamba taaluma ya kisasa ya rasilimali watu mpakani ijengwe juu ya funzo hilo.

1. Utangulizi

Busia ni mji uliogawanywa na mpaka. Wasamia na Wateso wanaishi Kenya na Uganda, na safari ya kwenda kazini, sokoni au msibani mara nyingi ni safari ya kuvuka nchi. Mwajiri wa eneo hili, awe mwenye ghala, shule au kiwanda, huweza kumwajiri mtu ambaye jamaa zake, vyeti vyake na pengine mafao yake ya uzeeni viko ng'ambo.

Historia ya usimamizi wa wafanyakazi imezoea kuandikwa kutoka Nairobi na Kampala. Ikitazamwa kutoka mpakani, swali lake hubadilika. Pamoja na kuuliza mwajiri anampataje mfanyakazi hodari, hapana budi kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kuthibitisha kwamba mtu fulani alifanya kazi, kwa muda gani, na kwamba anastahili nini.

2. Karani, mnyapara na kipande, 1902–1947

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyopewa jina la Kenya mwaka 1920. Mpaka ulifafanuliwa kisheria mwaka 1926, ukifuata kwa sehemu mito ya Sio na Malaba. Reli iliyopitia Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na Tororo ikawa njia panda ya wafanyakazi na bidhaa.

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi sura ya usimamizi wa wakati huo. Neno kibarua, yaani barua ndogo, linakumbusha karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili kuthibitisha kazi yake. Mnyapara alisimamia zamu, karani akahesabu siku. Nchini Kenya, sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 kubeba kipande. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Pasipo sahihi ya kuachiwa, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine.

Hivyo basi, kumbukumbu ya utumishi ilianza ikiwa chombo cha kuzuia utoro. Mwenye kumbukumbu alikuwa mwajiri. Mfanyakazi alikuwa mbebaji tu. Kipande kilifutwa mwaka 1947 baada ya kulalamikiwa kwa miaka mingi, lakini wazo kwamba ofisi ya wafanyakazi ni ofisi ya nidhamu halikufutika pamoja nacho.

3. Shule ya pamoja, 1948–1977

Mwaka 1948 ulileta mfumo mpana zaidi. Reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury, iliyochunguza utumishi wa umma katika nchi za eneo hili, ilipendekeza kuachwa kwa mfumo wa mishahara uliofuata rangi. Kwa mara ya kwanza ngazi ya kazi, sifa na uzoefu vilitarajiwa kuwa msingi wa malipo, jambo lililohitaji maofisa wa kupima kazi, kuandaa usaili na kupanga mafunzo.

Tororo ilihisi mabadiliko hayo moja kwa moja. Pamoja na reli, kiwanda cha saruji kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilihitaji mafundi wa kudumu badala ya vibarua wa msimu. Mtumishi wa reli aliyefunzwa Nairobi aliweza kupangiwa kazi Tororo bila miaka yake ya utumishi kuhesabiwa upya. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza mwaka 1967, mashirika ya pamoja yaliendeleza utaratibu huo. Ujuzi wa afisa utumishi nao ulikuwa na thamani ileile kila upande.

4. Kuvunjika kwa kumbukumbu, 1970–1987

Ufa ulionekana kabla ya Jumuiya kuvunjika. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi Wakenya kutoka Uganda. Uraia ukatangulia uzoefu. Jumuiya ilipokufa mwaka 1977, kila nchi iliunda shirika lake la reli na kuchukua watumishi wake.

Gharama ya mgawanyiko huo ilidhihirika katika pensheni. Mkataba wa upatanishi wa mwaka 1984, uliogawa mali na madeni, uliiachia kila nchi dhamana ya kuwalipa raia wake waliotumikia Jumuiya. Nchini Tanzania madai ya watumishi hao yalifika mahakamani na kudumu kwa miaka mingi. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalifyatuliana risasi hapo hapo Busia, na mpaka ukafungwa. Katika mazingira hayo ujuzi wa kusimamia wafanyakazi uligeuka kuwa wa kitaifa kabisa.

5. Ofisi mbili, barabara moja

Kujengwa upya kwa taaluma kulianza kila upande peke yake. Katika miaka ya 1990 Uganda ilipunguza watumishi wa umma, waliokuwa takriban 320,000 mwaka 1990, hadi karibu nusu. Kuwasaka watumishi hewa kulihitaji ustadi wa kukagua orodha za malipo. Katiba ya mwaka 1995 iliweka tume za utumishi za wilaya, na mwaka 1997 Busia ikawa wilaya kwa kumegwa kutoka Tororo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizaa serikali za kaunti, kila moja na bodi yake ya utumishi wa umma. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi watumishi wa halmashauri za zamani na wa serikali kuu, wenye masharti tofauti ya ajira. Kwa hiyo Busia moja ina vyombo viwili vya kuajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu.

Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa rasilimali watu mwaka 2012, inayodai usajili na leseni ya kazi. Hata hivyo, makubaliano ya kwanza ya kutambuana kitaaluma chini ya Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, yaliwahusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wataalamu wanaosimamia wafanyakazi wanaovuka mpaka hawakuwamo.

Sheria zenyewe zinakaribiana kuliko taasisi. Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuielewa. Zote pia zinampa mfanyakazi haki ya cheti cha utumishi kinachoonyesha muda na aina ya kazi yake. Taarifa ileile iliyokuwa mnyororo ndani ya kipande sasa ni mali ya mfanyakazi.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, huwaweka maofisa wa serikali mbili chini ya paa moja, kila mmoja akibaki na mwajiri wake na nidhamu yake. Kituo hicho kinathibitisha kwamba ushirikiano wa kazi unaweza kutangulia muungano wa taasisi.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, vyama vya wataalamu wa rasilimali watu vya Kenya na Uganda vianze mazungumzo ya kutambuana. Pili, vyuo vya utumishi wa umma vya nchi hizi mbili viandae mafunzo ya pamoja ya mpakani kuhusu sheria zote mbili za ajira, utunzaji wa kumbukumbu na uendeshaji wa vikao vya nidhamu kwa Kiswahili. Haki ya kuelezwa haina maana iwapo afisa hana lugha ya kuelezea. Tatu, cheti cha utumishi kiwe na muundo mmoja unaokubalika pande zote. Waliopoteza mengi baada ya mwaka 1977 walikuwa wafanyakazi ambao miaka yao ya kazi ilikosa ofisi ya kuitambua. Afisa wa rasilimali watu wa Busia leo anapaswa kufunzwa, kabla ya jambo lingine lolote, kuhakikisha kwamba hasara hiyo hairudiwi.