Vumbi kwenye tarakilishi: kila sheria na mwaka wake

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuongee kuhusu vumbi.

Kama ulisoma Kenya, huenda unaukumbuka mlango wa maabara ya tarakilishi. Viatu vyote nje, soksi zenye matundu hadharani, na ndani kila mashine imefunikwa kitambaa. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: vumbi huua kompyuta. Linaiuaje? Shuleni kwetu hakuna aliyetuambia.

Mimi nilikuja kujua kwa njia mbaya. Shangazi yangu alikuwa na saiba ndogo yenye mashine nne. Nikiwa likizoni, mwaka wa pili chuoni, nikaamua kumfanyia hisani. Nilizibeba CPU zote (ndivyo tunavyokiita kisanduku kizima, hata kama mhadhiri atanuna) hadi gereji ya jirani, nikaomba ile kompresa ya kujazia magurudumu upepo, nikapuliza. Feni zililia kama nyuki, vumbi likatoka wingu zima, nami nikajiona fundi. Jioni mashine mbili hazikuwaka. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Najua ulitaka kunisaidia, baba." Miezi miwili alihudumia wateja kwa mashine mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hili, na nimegundua kwamba karibu kila sheria ya kusafisha tarakilishi ina enzi yake. Ukijua enzi ile iliogopa nini, unajua sheria ipi bado ina maana.

Basi turudi nyuma. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka wa 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150. Umeme huo huishia kuwa joto, kwa hivyo ilibidi ipulizwe hewa kwa mitambo. Tangu mwanzo, basi, tarakilishi na upepo ni ndugu. Shida ni kwamba upepo hauji peke yake.

Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Harvard Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya rilei. Walimbandika kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho huko Marekani. Watu hupenda kusema hapo ndipo tulipoanza kuita makosa ya mashine "wadudu", lakini msemo huo ulikuwepo zamani. Linalonivutia ni jingine: rilei ni vipande vya chuma vinavyogusana ili umeme upite. Uchafu ukiingia katikati, hesabu inakwama.

Kisha zikaja diski. Mwaka wa 1956 IBM ilitoa RAMAC, yenye sahani 50 za upana wa inchi 24, zilizobeba herufi milioni 5 tu. Kichwa cha kusoma huelea juu ya sahani bila kuigusa, na kila kizazi kilipunguza mwanya huo ili data zaidi ienee. Kufikia mwaka wa 1973, katika IBM 3340, iliyojulikana kama Winchester, mwanya haukufika mikroni moja. Unywele wako una mikroni kama 70. Punje ya vumbi mbele ya kichwa hicho ni jiwe kubwa katikati ya barabara ya Mombasa usiku. Ndiyo maana Winchester ilifungia sahani na vichwa pamoja ndani ya kasha. Hata diski tepetevu ya IBM ya mwaka wa 1971 iliwekwa ndani ya bahasha ya plastiki yenye kitambaa laini, kiipanguse vumbi ikizunguka.

Mimi naona sheria ya viatu ni mtoto wa enzi hiyo: vumbi lisiingie kabisa.

Lakini zama zikageuka. IBM PC ya Agosti 1981 ilikuwa na feni ndani ya pawasaplai, ikitoa hewa moto nyuma. Prosesa yake, 8088, ilikaa uchi bila chochote juu yake. Mwaka mmoja kabla, Apple III ilitolewa bila feni kwa sababu Steve Jobs hakutaka kelele. Ilipata joto, chipu zikalegea, na wateja wakashauriwa kuinua mashine inchi chache na kuiachilia ianguke ili zijikaze! Pentium ya mwaka wa 1993 ilitumia takriban wati 15, na feni juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Kufikia mwaka wa 2004 baadhi ya Pentium 4 zilipita wati 100.

Sasa fikiria. Hewa ikitolewa nyuma, nyingine lazima iingie mbele, na hewa ya kwetu huja na vumbi jekundu. Tulivua viatu mlangoni huku feni ikilivuta vumbi kupitia kila upenyo. Na kazi ya vumbi ilikuwa imebadilika: sasa halikwaruzi, linavalisha mashine blanketi. Linaziba mapezi ya alumini, joto linakosa pa kutokea, prosesa inapunguza mwendo au mashine inajizima. Kile kitambaa cha maabara, kikiachwa juu ya mashine inayofanya kazi, ni blanketi jingine tu.

Hofu ya tatu ni umeme tuli. Katika miaka ya 1970 chipu za aina ya MOS zilienea, nazo zina utando mwembamba sana wa oksidi. Mwanadamu huhisi mshtuko wa umeme tuli ukifika volti kama 3,000. Chipu inaweza kufa kwa volti chini ya 100, na wewe usihisi kitu. Ndiyo sababu mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani isikaribie madabodi: hewa na vumbi vikikimbia ndani ya plastiki huzalisha umeme huo.

Hata mkebe wa hewa una historia. Zamani ulijazwa gesi za CFC, hadi Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987 ulipoanza kuziondoa sokoni. Mikebe mingi ya leo ina gesi ya HFC-152a, ambayo hushika moto. Ushike wima, vinginevyo hutema kimiminika baridi kupindukia.

Kwa hivyo nilikosea wapi? Kompresa ya gereji hutema matone ya maji, na feni niliziacha zizunguke kupita uwezo wake.

Siku hizi nafanya hivi: nachomoa waya, nabonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, nagusa chuma cha kisanduku, natoka nje. Nashika feni kwa kidole, napangusa kwa brashi laini, napuliza kidogo kidogo. Pawasaplai siifungui kamwe, maana kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Zile mbili zilizopona nilizisafisha hivyo kibarazani, Desemba iliyofuata. Shangazi alileta kiti, akakaa kando yangu hadi zilipowaka.

Haya, tuonane tena.