Pikipiki na Usiku wa Rufiji

Jirani yangu hapa Ngorongo, muuza pikipiki mstaafu, hushinda barazani akicheza bao na kusafisha kabureta kuukuu. Historia yetu huihesabu kwa njia: mafuriko ya 1968 na Operesheni Rufiji iliyotuhamisha bondeni, kivuko cha Ndundu, kisha Daraja la Mkapa, 2003. Akifika 2017 hunyamaza. Mauaji yalipozidi, polisi walipiga marufuku pikipiki usiku Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Sababu ilikuwapo, maana wauaji walitumia chombo hichohicho. Lakini, ndugu msomaji, vijijini pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Uchungu wa uzazi haungoji kuche. Anayetunga amri ya usiku na aulize kwanza: mgonjwa atabebwa na nani?