Shule Mpya, Hela Mpya

Mwisho wa Barabara ya Boma, Arusha, lipo jengo jeupe ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kama ngome. Leo ni makumbusho. Vijana wengi wa mji huu tunajifunza Kijerumani ili tuongoze watalii, na kinachotutoa jasho ni vivumishi.

"Mpya" ni neu, lakini neno hilo halitulii. Heller, sarafu, ni ya kiume. Schule ni ya kike. Sarafu mpya yoyote ni ein neuer Heller: ein haikutaja jinsia, basi -er ya mwishoni inaitaja. Ukitumia der, jinsia imeshatajwa na kivumishi kinapumzika: der neue Heller. Ukilipa kwa sarafu hiyo, mit dem neuen Heller. Shule nayo ni eine neue Schule, kisha in der neuen Schule.

Tusiwacheke. Nasi tuna mtoto mzuri, watoto wazuri, kitabu kizuri. Mjerumani hugeuza mkia, sisi tunageuza kichwa.

Maneno hayo mawili hayakuja kwa upole. Machi 2, 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, akiwemo Mangi Lobulu wa Meru. Wameru na Waarusha wakalazimishwa kulijenga boma. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliigawa rupia katika heller 100, na kodi ikadaiwa kwa fedha hiyo. Shule za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, ili zitoe makarani.

Lakini tazama kilichotokea vinywani mwa watu. Heller ya kiume ikawa hela, Schule ya kike ikawa shule, na zote zikakaa benchi moja, ngeli ya I-ZI: hela mpya, shule mpya. Hakuna -er wala -en iliyovuka. Hakuna kamati iliyoamua. Wasemaji walifanya hivyo wenyewe, sokoni na mashambani.

Sarufi haikumrudisha Lobulu, na sitaki kuipa sifa isiyo yake. Nasema tu kwamba aliyeamua nani alipe kodi na nani afe hakuweza kuamua neno lake lipatane vipi na kivumishi chetu. Mimi ninaikariri mikia ya Kijerumani kwa hiari, kwa ajili ya riziki, kama mgeni anayefuata desturi za mwenyeji. Hela na shule zilifuata za kwetu.